Ukuta Uliokuwa Mahakamani

Ninyi mnaobaki kazini mmeniomba niandike kidogo kabla sijasahau. Sijasahau kitu, ni magoti tu yamekataa. Umri wa miaka arobaini na kitu siyo uzee, lakini jaribuni kupeleka samansi kwenye vilima hivi vya Usambara, masika na kiangazi, halafu mniambie magoti yenu yana umri gani. Mambo ya vyeo na mishahara sitayaandika. Hayo mtayajua wenyewe na mtanung'unika wenyewe. Nitaandika habari za woga, kwa sababu kazi hii niliifanya kwa woga tangu siku ya kwanza, na sijamwona bado mtu anayeifanya vizuri bila woga.

Nilianza kama mfagiaji wa mahakama. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na mahakama ya mwanzo ilikuwa kitu kipya huku kwetu. Siku ya kwanza niliingia na ufagio nikakuta watu wamesimama wima, kimya, wanamtazama hakimu anaandika. Nikadhani wananisubiri nimalize. Nikafagia mpaka miguuni kwake. Hakuna aliyecheka. Nilipotoka nje niliuficha ufagio nyuma ya ofisi.

Aliyeniokoa siku ile ni Mzee Singano, karani wa wakati huo, mtu mrefu, mkavu, koti lake limefungwa vifungo vyote hata jua likiwaka. Alinifuata nje akasema, "Mama Eliza, umefagia vizuri. Kesho fagia kabla hatujaingia." Basi. Ndiye aliyenisukuma niende masomo ya jioni. Nilikuwa najua kusoma kwa kukisia, kwa kitabu cha nyimbo za kanisani, maana nyimbo nilikuwa nazijua tayari. Tukasoma pale shuleni, taa moja ya chemli darasa zima, mimi na mtoto mgongoni. Nilipoweza kuandika jina la mtu bila kumuuliza mara tatu, Mzee Singano akaanza kunifundisha kazi.

Kitu cha kwanza alichonipa kushika ni mfuko wa viapo. Mpaka leo mnautumia, ingawa kitambaa ni kipya. Ndani kuna Biblia na Msahafu, kila kimoja na kitambaa chake. Niliogopa mfuko ule kuliko hakimu. Nikamwambia Mzee Singano, "Mzee, mtu akiapa uongo na kitabu nimekishika mimi, dhambi inanipata?" Akafikiri. Akasema, "Hapana. Lakini utaisikia ikipita."

Kitu cha pili alichonifundisha ni vielelezo. Kielelezo cha kwanza nilichopewa kutunza kilikuwa kuku. Majirani wawili walimgombania, na mpaka shauri liishe kuku alikaa kwetu, nyuma ya ofisi, amefungwa kamba. Kuku akataga. Nikamwendea mzee.

"Mzee, mayai je?"

"Nayo ni vielelezo."

"Yakitotolewa?"

"Mama Eliza, omba Mungu shauri liishe kabla."

Alikuwa mkali sana kwenye jambo hilo. Kielelezo hakiguswi, hakihamishwi, hakitengenezwi. Kuna bwana mmoja alichinja mbuzi aliyekuwa kwenye shauri, akalala mahabusu. Habari hiyo ilipanda vilima vyote kuliko samansi yoyote niliyowahi kupeleka. Kuanzia hapo watu wa huku walijua jambo moja la sheria, hata kama hawajui la pili: kitu kikishafika mahakamani, mkono wako uweke mfukoni.

Sasa nisikilizeni habari ya ukuta.

Ilikuwa baada ya Azimio, mimi nimeshakuwa karani, na Mzee Singano amestaafu ukarani akarudi kama mzee wa mahakama, anakaa ubavuni kwa hakimu kumshauri. Hakimu wetu alikuwa kijana wa pwani aliyesikia baridi mwaka mzima. Aliandika ushahidi amevaa koti na sweta mbili, na akikasirika tulijua kwa sababu alivua koti.

Mdai alikuwa Mzee Shemweta. Mdaiwa alikuwa Fundi Hoza, mwashi. Wote wawili ni watu wa usharika wetu, Mzee Shemweta anakaa benchi la mbele, Fundi Hoza anaimba besi kwaya. Mzee Shemweta alikuwa na nyumba ya vyumba viwili juu ya barabara, imechimbiwa kilimani kama zilivyo nyumba nyingi za huku, ukuta wa nyuma umelala kwenye udongo wa mlima. Ukuta ule ukafanya tumbo. Akamwita Fundi Hoza autengeneze. Alichotakiwa kufanya fundi ni kuubomoa, ajenge upya kwa mawe, aache matundu ya maji. Alichofanya ni kupiga plasta juu ya lile tumbo na kupaka chokaa, ukawa mweupe kama kanzu ya mchungaji. Mvua za kwanza tu ukapasuka tena. Mzee Shemweta akamwambia rudi. Fundi akasema kazi yangu nimeimaliza. Wakafika kwetu. Mzee alitaka fundi ajenge upya au arudishe malipo.

Samansi ya fundi niliipeleka mimi. Nilimkuta juu ya jukwaa anajenga nyumba ya mtu.

"Onga mshi, fundi," nikamsalimu kwa lugha ya kwetu.

"Mama Eliza! Jumapili tunaimba pamoja, Jumanne unaniletea karatasi?"

"Ya Jumapili ni ya Jumapili. Weka sahihi hapa."

"Mwambie huyo kabaila wako," akasema, anatia sahihi kwa mkono wenye saruji, "Chama kimekataza unyonyaji. Nyumba ya kupangisha, na bado anamshitaki mfanyakazi!"

Hapo ndipo nilipojua kwamba ndani ya nyumba ile kuna mpangaji, maana kwenye madai yake Mzee Shemweta hakuandika mpangaji. Aliandika "nyumba yangu" tu. Siku zile mtu mwenye nyumba ya kupangisha alijificha kama mwenye upele. Balozi wa nyumba kumi alipouliza, Mzee Shemweta alisema wale ni ndugu zake.

Kurudi nikapitia pale. Sikuwa na kazi pale. Nilitaka tu kuona. Nikamkuta mwanamke anaanika nguo kwenye ukungu, kitu ambacho hufanya mtu asiye wa huku. Alikuwa Mama Zaina, mtu wa Songea. Mume wake alikuwa kazini kwenye mashamba ya chai, anarudi mwisho wa mwezi. Alinikaribisha ndani, na watoto wake wanne wakaja mmoja mmoja kuniamkia shikamoo, mdogo kabisa akitambaa.

Chumba cha mbele kilikuwa na kufuli. Wao walikaa cha nyuma. Kitanda kilikuwa kimesukumwa mpaka kwenye ule ukuta, kwa sababu chumba ni kidogo na mlango ufunguke. Ukuta ulikuwa umetokeza juu ya kitanda kama tumbo la mjamzito wa miezi tisa, na katikati ufa unaopitisha kidole.

"Mama, unalala hapo?"

"Mimi na hawa wawili. Wale wawili wanalala chini."

Nikasikia kitu. Kama mtu anamwaga mtama kwenye debe, polepole, kidogo, anaacha, anamwaga tena. Nikamtazama Mama Zaina. Akasema, "Ndiyo. Ni udongo unashuka ndani ya ukuta. Mvua ikinyesha inakuwa zaidi."

"Umemwambia mwenye nyumba?"

"Nimemwambia aweke hata magogo ya kuushikilia. Kasema ukuta uko mahakamani, ukiguswa atashindwa shauri. Nikamfuata fundi. Fundi naye kasema akiugusa, watasema amekiri kosa. Nikaomba basi nihamie chumba cha mbele. Mwenye nyumba kasema nisihamishe kitu, mahakama itakuja kuangalia hali ilivyo." Akacheka, lakini siyo kicheko. "Kila mtu ananiambia ukuta uko mahakamani. Mama, mbona mimi nauona hapa?"

 Nilishuka ule mlima naomba kila hatua. Bwana, shika ukuta ule. Sikujua maneno mengine.

Shauri likasikilizwa mara ya kwanza. Mzee Shemweta akaapa, akasema ukuta ni mbovu, hatari, kazi ya kihuni. Fundi Hoza akaapa. Biblia niliishika mimi, mkono wake wa kulia juu yake, ule ule ninaouona umeshika kitabu cha nyimbo. Akasema, "Ukuta ule ni mzima. Utakuwepo mimi nikiwa kaburini." Nikakumbuka maneno ya Mzee Singano. Niliisikia ikipita. Ilikuwa baridi, kama upepo wa chini ya mlango.

Shahidi wa fundi alikuwa amekwenda Mombo kwa shughuli zake. Shauri likaahirishwa. Masika yakaanza kweli kweli.

Mnaijua mvua yetu. Haipigi kelele kama ya kule chini Mazinde. Inakaa tu juu ya mlima, inanyonya, siku nzima, na udongo unakunywa mpaka unalewa. Kila nikisikia maji kwenye bati nilikuwa naona lile tumbo jeupe juu ya kitanda. Mume wangu, Baba Eliza, akaniuliza mbona sili. Nikamwambia kuna ukuta. Akasema, "Wa nani?" Nikasema wa mahakama. Hata mimi nilishaanza kusema hivyo.

Nikamwendea Mzee Singano nyumbani kwake. Alinikaribisha chai, lakini nilipotaja jina la Shemweta akaweka kikombe chini.

"Usiniambie. Mimi nakaa kwenye shauri hilo. La nje siliingizi ndani."

"Mzee, kuna watoto."

"Karani hana mdomo kwenye shauri, Mama Eliza. Ana masikio na kalamu. Nilikufundisha."

"Ulinifundisha."

"Basi."

Lakini aliponisindikiza mpaka njiani, alisema akitazama mvua, bila kunitazama, "Shauri linaitwa tena wiki hii. Ndani ya baraza, mtu akisema, mimi nitakuwa nimesikia."

Siku ya shauri nilifunga. Sikula wala kunywa. Nikaita shauri, wakasimama, Mzee Shemweta na kofia yake mkononi, Fundi Hoza na koti la Jumapili. Fundi akasema shahidi wake bado hajarudi. Hakimu akachukua kalamu kuahirisha tena. Na mimi nikabaki nimesimama.

"Karani, kaa chini."

"Mheshimiwa, kuna mtu hajaitwa."

 Nikaushika mfuko wa viapo kwa mikono miwili. Nilifikiria kazi yangu, ada za watoto, kurudi kufagia, au kutofagia kabisa.

"Mtu gani?"

"Anayelala chini ya ule ukuta, Mheshimiwa. Na wanawe."

Mzee Shemweta akaruka. "Wale ni ndugu zangu! Hawahusiki!"

"Ndugu zako wa Songea?" akasema Fundi Hoza, na watu wa nyuma wakacheka.

Hakimu hakucheka. Akaniangalia. "Karani, wewe umekuwa shahidi wa nani?"

 Nikasema, "Sijui, Mheshimiwa. Mimi naogopa tu."

Akavua koti. Nikajua nimekwisha. Mzee Singano akamwinamia sikioni, akasema kitu kifupi. Hakimu akavaa koti tena, akafunga jalada. "Twende tukauone sasa hivi. Wote."

Tulipanda kwa mguu, mvua inatuloanisha, mimi nimefunika mfuko wa viapo chini ya kanga. Njia ilikuwa imeshuka sehemu mbili. Mzee Shemweta na Fundi Hoza walikuwa wanabishana nyuma yetu mpaka pumzi ikawaishia. Tulipofika, Mama Zaina alikuwa mlangoni, macho mekundu. Akasema tu, "Karibuni. Leo hauachi." Tukasikiliza. Ule mtama ulikuwa haukatiki tena. Ulikuwa unamwagika mfululizo.

Hakimu akauliza chumba cha mbele kina nini. Mzee Shemweta akajikuna kichwa.

"Viazi, Mheshimiwa."

"Viazi?"

"Vya mbegu. Vinataka pakavu."

Hakimu akamtazama, akamtazama Mama Zaina. Akaingia chumba cha nyuma akakaa juu ya kitanda, jalada kwenye magoti. Mzee Singano akasimama kichwani pa kitanda. Mimi nikasimama katikati, nimembeba yule mdogo kwa sababu alikuwa analia. Nilikuwa nauangalia ule ukuta moja kwa moja. Jasho lake lilikuwa linatiririka juu ya chokaa.

"Tunaendelea na shauri," akasema hakimu. "Fundi, vuta kile kigoda, kaa hapa."

Alionyesha pale chini ya tumbo. Fundi Hoza alikuwa mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Nasikia vizuri nikiwa hapa, Mheshimiwa."

"Sijakuuliza habari za masikio. Kaa."

"Mgongo unaniuma, Mheshimiwa."

"Vizuri. Uegemee ukuta."

Mzee Shemweta akacheka kwa nguvu, huko uani kwenye mvua. Hakimu akamgeukia. "Na wewe mdai, njoo. Ukae ubavuni kwake."

Kicheko kikakatika. "Lakini Mheshimiwa, mimi ndiye ninayesema ni mbovu!"

"Kwa hiyo unajua."

 Nilisikia maji ndani ya ukuta na nilisikia meno ya mtoto mmoja yakigongana. Mimi nilikuwa nataka kukimbia. Niwaambie ukweli, kilichonizuia siyo ujasiri, ni yule mdogo mikononi mwangu na mwenzake aliyeshika sketi yangu. Hakimu naye alikuwa na woga, lakini hakuinuka. Alikuwa anamsubiri fundi.

Fundi Hoza akatazama ukuta. Akatazama mfuko wa viapo begani kwangu. Uso wake ukabadilika rangi, akasema kwa sauti ndogo kabisa, siyo ya besi, "Mheshimiwa, toeni watoto kwanza."

Tukatoka. Sikumbuki nani alimshika nani. Nakumbuka Mzee Singano, yule aliyefunga vifungo vyote, anatoka na sufuria kichwani na mtoto kwapani. Nakumbuka fundi mwenyewe akirudi ndani kuvuta godoro, na hakimu anampigia kelele aache. Fundi alikuwa amefika kizingitini na godoro wakati ukuta ulipokuja. Haukupiga mshindo niliodhani. Ulishusha pumzi, kama ng'ombe anayelala, halafu mlima ukaingia chumbani mpaka dirishani. Kitanda hakikuonekana tena.

Mama Zaina alikuwa anagusa vichwa vya watoto wake, mmoja, wa pili, wa tatu, anamchukua wa nne kwangu, anaanza tena upya. Mzee Shemweta alikuwa ameshika kichwa. "Kielelezo changu!" anasema. "Jamani, kielelezo changu!"  Mzee Singano akamtazama mpaka akanyamaza mwenyewe.

Hukumu ilikuja baadaye. Fundi ajenge upya kwa mawe na kwa jasho lake, Mzee Shemweta alete mawe, aondoe viazi, na chumba cha mbele kiwe cha familia ile mpaka kazi iishe. Hakimu aliniambia faragha kwamba karani akisimama tena bila kuitwa atamfukuza. Nikasema ndiyo, Mheshimiwa. Fundi Hoza alikaa muda mrefu haimbi. Aliporudi kwaya hakuna aliyemuuliza kitu, na mawe ya ukuta ule aliyapanga vizuri kuliko kazi yake yoyote, na matundu ya maji yapo, mnaweza kwenda kuyaona.

Nanyi vijana, shikeni hili moja tu kutoka kwangu. Kielelezo kikiwa nyumba, kabla hamjaandika neno, ulizeni nani analala ndani.

Jioni ya siku ile ukuta ulipoanguka, Mama Zaina na watoto nilikuja nao kwangu. Tulikula ugali na majani ya maboga, watoto wakasinzia wakiwa bado wanatafuna. Nikawatandikia chumba cha Eliza, nikaweka godoro lile lile aliloliokoa fundi ukutani, pakavu. Mama Zaina hakulala. Alipiga magoti akaweka kiganja kwenye ukuta wangu, akakisogeza, akaweka sikio.

"Mama Eliza, samahani. Huu alijenga nani?"

"Mume wangu na kaka zake."

"Ni mtu mzuri, mume wako."

"Ni mzuri."

Akaondoa sikio ukutani, akasema, "Nisaidie basi."

Tukashika godoro, yeye upande huu mimi upande huu, tukalivuta mpaka katikati ya chumba na watoto juu yake. Nikamtakia usiku mwema, nikaenda chumbani kwetu. Baba Eliza alikuwa amekaa kitandani anavua viatu.

"Inuka kidogo," nikamwambia. "Shika huko."

Hakuniuliza. Tukasogeza kitanda chetu.